Mbegu za Nyasi Kwenye Rejeta

Kapkatet,
Jumatatu, baada ya kukamua.

Kwa kaka yangu Kipruto,

Chamge, kaka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba jua la huko Lodwar halijakukausha ukawa kama nyama ya kuning'inizwa juu ya moto. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima, ila miguu inamsumbua asubuhi ukungu ukiwa mzito. Baba ni mzima kuliko alivyokuwa mwaka jana, na sababu yake utaijua kabla hujaikunja karatasi hii. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike, majani ya chai yanachipuka vizuri, na mimi dada yako niko vile vile ulivyoniacha, mdomo haujapungua.

Najua utashangaa kupokea barua wakati kila mtu ana simu. Lakini simu yako haishiki mpaka uupande ule mlima ulio nyuma ya kambi yenu ya kazi, na hata ukiupanda tunasikia nusu ya neno na nusu ni upepo. Jambo ninalotaka kukuambia si la kusikia nusu. Dereva wa lori lenu la mabomba atapita Kericho kesho kutwa, nami nitamkabidhi barua mkononi. Nimeiandika kwa Kiswahili makusudi ili mkeo Akello naye aisome siku mtakapokuwa pamoja, asije akasema tunamteta kwa Kikipsigis.

Kabla ya yote, kumbuka kitu kimoja. Tulipozungumza mara ya mwisho ulikuwa ukicheka kuhusu binti yako. Ulisema Jerusa ana rafiki wa kuwazia anayemwita Babu Moshi, ambaye huja na gari linalotoa moshi, akanywa chai, akaondoka. Ukaniuliza kama sisi tulipokuwa wadogo tulikuwa na watu wa kuwazia. Liweke hilo pembeni, tutalirudia.

Na kumbuka pia ile siku mbaya. Mimi siisahau. Baba alisimama mbele ya nyumba akasema mwanamke wa kabila la watu wa ziwani hatakanyaga boma lake, nawe ukamshika Akello mkono mkaondoka. Ulipofika kwenye lango ukageuka, ukasema hutarudi hapa mpaka baba mwenyewe aende asimame mlangoni pa Akello. Tangu siku hiyo mama anafagia chumba chako kila Jumamosi kana kwamba unakuja Jumapili. Baba hakulitaja jina lako, nawe hukulitaja lake. Mtoto wa nyoka ni nyoka, kaka. Nyote wawili mna kichwa kimoja, kigumu, mmegawana tu.

Sasa nikueleze habari ya pikapu.

Ile pikapu ya baba, nyeupe ya tangu tukiwa shule, ilianza kuchemka wakati wa baridi. Ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa ametoka peke yake, akisema anaenda kumjulia hali mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa mgonjwa, na mama alikuwa amempa maziwa lala ya mursik kwenye kibuyu kidogo ampelekee huyo mgonjwa. Alirudi jioni gari likifuka kama jiko la kuni mbichi, suruali yake imelowa maji mpaka magotini. Nikafungua boneti. Unajua nilikuta nini? Katoni. Baba alikuwa amefunga kipande cha katoni mbele ya rejeta ili injini isipate baridi ya asubuhi. Unawajua watu wetu, Julai ikifika tunavalisha gari kama tunavyomvalisha mtoto. Nikalitoa lile katoni, nikamwambia baba kwamba injini haina mafua. Nikajiona fundi.

Wiki nzima gari lilikuwa sawa. Nalibebesha maziwa mpaka kwenye kituo, nalirudisha, mshale wa joto hausogei. Jumamosi baba akatoka tena kwenda kwa mgonjwa wake, akarudi tena akifuka.

Hapo tukalipeleka kwa fundi Masese, pale Kapkatet. Masese ni Mkisii mnene mwenye mikono midogo, na hafanyi kazi bila kuhubiri. Alisema gari ni kama mwili wa mtu, homa si ugonjwa, homa ni habari tu kwamba kuna ugonjwa mahali. Akatazama mipira ya maji, haikuvuja. Akabadilisha kifuniko cha rejeta kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kimelegea. Akakaza fenibelti, ambayo kweli ilikuwa inateleza. Akatuambia twende na amani. Jumamosi iliyofuata baba akarudi na mvuke, na amani ikaishia hapo.

Masese akasema basi ni themostati, kile kilango cha maji ya injini. Alitaka kuitupa tu, kama mafundi wengi wanavyofanya, gari liende bila hiyo. Nikakataa. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba unaweza kuipima, nikaibeba mpaka nyumbani nikaitumbukiza kwenye sufuria ya mama jikoni. Maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka polepole, vizuri kabisa, na nilipoitoa ikajifunga. Haikuwa na hatia. Mwenye hatia nilikuwa mimi, kwa sababu ile ilikuwa sufuria ya chai, na mama alinitangaza mpaka kwa majirani kwamba ninapikia watu vyuma.

Nikaanza kumlaumu dereva. Nilimwambia baba, kwa heshima lakini nikimchokoza, kwamba labda mlima anaupanda na gia ya juu. Kwangu halichemki, kwake linachemka, na hesabu hiyo ni rahisi. Alinijibu kwamba kama nimemaliza kumfundisha kuendesha gari alilolinunua kabla mimi sijajua kujifunga viatu, nimletee chai. Lakini haukupita muda na mimi likanipata. Nilikuwa nimebeba mbolea kutoka Kericho, mzigo mzito, na kwenye mwinuko mshale ukapanda mpaka kwenye rangi nyekundu. Nikasimama kando ya shamba la chai nikangoja injini ipoe, wachuma chai wakinipungia mikono. Nilimwomba baba msamaha kimoyomoyo.

Sasa Masese akaacha kuhubiri, na fundi Masese akinyamaza ujue mambo ni mazito. Akachomoa kijiti cha oili, akanusa, akatazama kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Haikuwa imegeuka. Hata hivyo alisema inaweza kuwa gasketi imeungua, au kichwa chenyewe cha injini kimepasuka, na kama kimepasuka basi kwa umri wa gari hili ni heri tuliuze kwa watu wa vyuma vikuukuu. Kaka, ungemwona baba. Alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, akainuka kama aliyeketi juu ya siafu. Alisema, "Hii gari haiuzwi. Kama ni ng'ombe nitauza ng'ombe. Hii gari lazima itembee." Mimi na Masese tulitazamana. Baba hajawahi kupenda kitu cha chuma hivyo. Hata siku pikapu ile ilipogongwa pale sokoni alisema tu kwamba bati ni bati.

Namshukuru Mungu kwamba Masese, pamoja na kelele zake, si mtu wa kukimbilia kufungua injini. Alisema kabla ya kuifungua tuitoe rejeta tuisafishe ndani, tusije tukampasua mgonjwa kumbe ana njaa tu. Tukaitoa. Akamimina maji juu, yakatoka chini kwa nguvu, masafi. Ndani hapakuwa na kitu. Kisha akaiinua juu kuelekea jua ili aone mwanga ukipita katikati ya zile karatasi nyembamba za bati. Mwanga haukupita. Hata nukta moja. Masese akasema, "Ngai! Hii rejeta imevaa blanketi."

Kwa mbele ulikuwa ukiona vumbi tu. Lakini alipochokonoa kwa kijiti, vikaanza kutoka vipande kama vya sufi, vimeshikana na udongo na mabawa ya vipepeo. Zilikuwa mbegu za nyasi, nyingi, zimejazana sehemu yote ya chini, hewa haina pa kupita. Ndiyo maana gari lilistahimili safari fupi za kwenye ukungu na likashindwa kupanda mlima. Masese alicheka mpaka akashika kiuno, akamuuliza baba kama siku hizi anachunga ng'ombe kwa pikapu.

Mimi sikucheka. Nilichukua mbegu moja nikaiweka kiganjani. Ina mkia mrefu na ncha inayonasa kwenye nguo. Kipruto, unajua barabara zetu. Chai huku, chai kule, chai mpaka kwenye mtaro. Mbegu kama hizo hazipo hapa. Mara ya mwisho kuziona ni tulipoenda kwa ndugu za mama kule Chepalungu, nikashinda jioni nzima nikizitoa kwenye soksi. Nilimtazama baba. Baba alikuwa anavitazama viatu vyake.

Masese ni mtu wa kelele lakini si mjinga. Alisema anaenda kunywa chai, akatuachia mpira wa maji na brashi laini, akatuonya tumwage maji kutoka upande wa nyuma, taratibu, tusipinde zile bati. Baba akaushika mpira mwenyewe. Akaanza kuosha. Mbegu zikawa zinatoka na kuelea kwenye tope. Nikamuuliza huyo mgonjwa wa kanisa anakaa wapi hasa. Aliosha upande mmoja mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siongiroi." Ni huko huko Chepalungu.

Basi, kaka, kaa chini kama umesimama.

Baba alienda sokoni Siongiroi kutafuta ndama. Kati ya watu akaona mtoto wa kike anayetembea mikono imefungwa nyuma ya mgongo, kichwa mbele, kama alivyokuwa akitembea mama yake baba, nyanya yetu, mpaka siku alipokufa. Akamfuata kwa macho. Mtoto akaenda mpaka kwenye kibanda cha nguo, na aliyekuwa akiuza alikuwa Akello. Baba akaliacha soko hapo hapo. Alirudi nyumbani bila ndama, akatuambia bei ilikuwa mbaya. Nakumbuka siku hiyo, nilimcheka kwa ubahili.

Jumamosi iliyofuata akaenda tena, sasa akauliza njia ya kwenda nyumbani kwenu. Unaijua njia hiyo kuliko mimi, ile inayoacha barabara na kupita katikati ya malisho, nyasi zinafika kwenye taa za gari. Akafika langoni. Hapo ujasiri wote ukamwisha. Mzee wa kanisa, mtu aliyetamka neno mbele ya boma zima, angesema nini? Akello akatoka nje, akamtambua mara moja. Na baba yetu, Mzee Johana, anayetufundisha kila siku kwamba uongo ni dhambi, akasema, "Gari imechemka. Naomba maji."

Halikuwa limechemka. Halikuwa na tatizo lolote. Akello alimletea maji kwenye jagi, baba akayamimina kwenye kile kichupa cha akiba cha rejeta, na kwa kuwa kilikuwa kimejaa, maji yote yakamwagikia viatu vyake. Akello aliona. Alileta kiti, kisha chai, kisha akamwita Jerusa aje amsalimu mgeni. Baba alipomaliza chai akashukuru, akaondoka. Jumamosi iliyofuata gari "likachemka" tena pale pale. Na iliyofuata tena. Akello akawa anatoka na jagi kabla baba hajashuka.

Na kila akipita kwenye zile nyasi za kwenu akawa anazibeba, kidogo kidogo, mpaka uongo wake ukawa kweli. Siku moja alifika mvuke ukitoka hasa, Jerusa akapiga makofi kwa furaha, akamwita Babu Moshi. Baba anasema hajawahi kupewa jina akalipenda kama hilo.

Alimwomba Akello asikuambie. Usimkasirikie mke wako kwa hilo. Alimwambia baba kwamba atanyamaza, lakini ukimuuliza moja kwa moja hatadanganya. Wewe hukuuliza, ulicheka tu.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa na hamu ya kumpasulia mama habari. Nilianza kuzungusha maneno, nikitaja nyasi, nikitaja Chepalungu. Mama alikuwa anasugua kile kibuyu kidogo kwa mkaa. Hakuinua hata uso. Alisema yeye ndiye anayefua soksi za baba, na yeye amezaliwa Chepalungu, sasa ni nani angemfundisha nyasi za kwao? Akaniuliza nilidhani ni mzee gani mgonjwa anayepelekewa maziwa kwa kibuyu cha kumtosha mtoto. Alikuwa anajua tangu mwanzo! Alikitengeneza kwa ajili ya Jerusa, akakijaza kila wiki, na hakumwambia baba kwamba anajua, asije akaona aibu akaacha kwenda. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, na mama akalia, na mkaa ukatujaa usoni.

Masese alirudisha rejeta, akaweka wavu mwembamba mbele yake ili nyasi zisiingie tena. Nilipanda nalo ule mlima wa Kericho na mzigo, mshale ukakaa katikati ukatulia. Nilimshukuru Masese mpaka akaanza kuhubiri tena. Naye alistahili.

Jumamosi ikafika. Nilimkuta baba amesimama kando ya gari, amevaa koti lake la kanisani, funguo mkononi, haingii. Nilimuuliza kuna nini. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Sasa gari imepona. Nikifika nitasema nini?"

Kaka, sijawahi kumwonea baba huruma maishani kama dakika ile. Nilitaka kumjibu, lakini mama alikuwa tayari ametoka ndani, amevaa kitambaa chake kizuri, kibuyu kifuani, akapanda mbele bila kuuliza ruhusa. Mimi nikapanda nyuma.

Tulipofika Akello alitoka na jagi lake kama kawaida, akamwona mama, akasimama. Baba akashuka. Alitembea mpaka mlangoni, Kipruto. Si langoni, mlangoni. Akavua kofia. Akasema, "Leo gari haijachemka. Nimekuja kuwaona. Na nimekuja kuomba msamaha." Akello aliweka jagi chini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita Baba. Mengine sikuyaona vizuri kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa machoni.

Kwa hiyo sharti lako limetimia. Umebaki wewe tu. Baba anasema ukipata likizo usihangaike na magari ya watu, umwambie siku tu, yeye atatoka hapa, atawapitia Akello na Jerusa, na wote watakungoja Kericho stendi. Anasema gari lina nguvu. Mimi nimekwisha kupeleka blanketi zako juani.

Msalimie kila mtu kambini. Akello anakusalimu, anasema sasa unaweza kumuuliza. Mama anasema kongoi, asante kwa Mungu, na tena kongoi, na ule vizuri. Masese, ambaye hata hakujui, anakusalimu na kukushauri uwe unakagua rejeta.

Kumbe nimesahau la Jerusa. Alilia sana siku ile. Alizunguka gari lote akitafuta moshi, hakuuona, akadhani Babu Moshi amekatazwa kuja na ametumwa mzee mwingine. Akashika jagi, akakataa kuliachilia, akisema gari lazima linywe. Baba alifungua boneti, akamnyanyua, akamwonyesha kile kichupa cha maji ya kuoshea kioo, akamwacha amimine jagi lote. Kilijaa, kikamwagikia viatu vya baba, wala hakusogea.

Ni mimi dada yako anayekungoja,

Nelvine Cherotich